Kufundisha Juu ya Mashine Kuukuu na Vipuri Vyake: Mfano kutoka Kigongo

Katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha nilipangiwa kuwatembelea wanachuo waliokuwa katika shule za msingi zilizo kando ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Kigongo, wilayani Misungwi. Siku moja niliketi nyuma ya darasa la tano nikimsikiliza mwanachuo mmoja akifundisha mada ya mashine. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Aliandika ubaoni fasili ya mashine, akaorodhesha wenzo, roda, gurudumu na ekseli, mteremko, kabari na skrubu, kisha akawataka wanafunzi wanakili. Wakanakili. Dirishani, hatua zisizozidi arobaini kutoka pale nilipoketi, ilionekana pampu ya mkono ya shule, imesimama bila mpini, na mbuzi akijikuna ubavu kwenye kiguzo chake. Hapana aliyeitaja.

Baada ya somo nilimwuliza mwanachuo kwa nini hakuitumia pampu ile kama zana ya kufundishia.

"Ile ni mbovu, Mkufunzi," alinijibu kwa heshima.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mwanachuo yule si mvivu, wala hakukosea kwa kadiri ya mafunzo tuliyompa. Sisi wakufunzi ndio tuliomzoesha kudhani kwamba zana nzuri ni ile inayofanya kazi. Ilhali kwa mada hii mashine mbovu hufundisha kuliko iliyo nzima, kwa sababu imekwisha kufunuka: imeonyesha mahali ilipo dhaifu.

Tena kulikuwa na jambo zito kuliko somo. Tangu pampu ile isimame, wanafunzi walikuwa wakipelekwa ziwani na madumu kuchota maji ya shule. Kila anayekaa pwani ya Ziwa Viktoria anajua, au inampasa ajue, kwamba kichocho cha tumbo kimeenea katika ukanda huu, na kwamba vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayesimama katika maji ya kando. Mtoto anayeinama kujaza dumu, maji yakiwa magotini, amekwisha kuingia hatarini kabla hajanywa hata tone. Pampu ilisimama kwa ajili ya kipande cha mpira kinachoingia katika kiganja cha mtoto. Nitaeleza baadaye jinsi tulivyolijua hilo.

Kipuri kabla ya mashine

Vitabu vyetu huanza na mashine nzima na kuishia hapo. Napendekeza tuanze na kile kinachochakaa. Kila mashine, iwe cherehani au meli, ina sehemu za namna mbili: zilizokusudiwa kudumu, na zilizokusudiwa kulika ili zile nyingine zisilike. Bushi hulika badala ya ekseli. Ngozi hulika badala ya silinda. Aliyeibuni mashine aliyajua hayo tangu mwanzo. Kwa hiyo haja ya kipuri si dalili kwamba mashine imekwisha, bali ni sehemu ya mpango wa maisha yake. Mtoto akilielewa jambo hili, ataacha kusema "imekufa" na ataanza kuuliza "nini kimelika?"

Kuna neno moja la kusema kuhusu lugha. Vitabu husema kipuri na vipuri. Gereji na kwenye mialo ya wavuvi watu husema spea. Mwanafunzi asemaye spea asikosolewe kana kwamba amekosea hesabu. Apewe neno la pili na aambiwe kila moja hutumika wapi. Nilimwona mvulana mmoja akinyamaza kipindi kizima baada ya kurekebishwa kwa ukali, ilhali baba yake ni fundi wa injini za mitumbwi, na huenda alikuwa na mengi ya kutuambia kuliko sisi sote mle darasani.

Pampu ya baiskeli

Mimi na mwanachuo yule tuliyapanga upya masomo yake. Kipindi cha kwanza hatukwenda kisimani, bali tulianza na kitu ambacho kila mtoto amekwisha kukishika, yaani pampu ya baiskeli. Tafuta mbili: moja nzima, nyingine ambayo ngozi yake imekauka. Pampu nyingine za siku hizi zina mpira badala ya ngozi, basi mwalimu hana budi kuzifungua nyumbani kabla ya somo, asije akaaibika mbele ya darasa.

Mpe mtoto pampu nzima, azibe tundu kwa kidole gumba na asukume. Atahisi hewa ikimkatalia. Kisha mpe ile kavu. Mpini utaingia wote bila ukinzani. Usieleze neno kwa wakati huo. Waache wapokezane, wabishane, waseme kwamba ya pili "haina nguvu". Ndipo uzifungue zote mbili na kuwaonyesha kikombe kidogo cha ngozi kilicho kwenye ncha ya fito. Fito inaposukumwa, hewa iliyobanwa huzitanua kingo za kikombe zikagandamana na ukuta wa silinda, hewa isipate njia ya kurudi. Fito ikivutwa, kingo hulegea na hewa mpya ikapita kandoni. Ngozi ikikauka husinyaa na kukakamaa, na hewa huponyoka.

Sasa ipake ngozi kavu mafuta kidogo, uifinyange kwa vidole mpaka ilainike, uirudishe. Katika darasa nililolishuhudia, pampu ile ilirudi kukinza kidole cha gumba palepale, na darasa likapiga kelele hata Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani. Hakuna kilichonunuliwa. Wanafunzi walikuwa wameona kwa macho yao kwamba matunzo hukitangulia kipuri, na kwamba kipuri chenyewe huhitaji kutunzwa.

Kumwuliza mgonjwa alianzaje kuugua

Kipindi cha pili tulitoka nje. Visima vya namna ile katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera vilichimbwa kwa wingi chini ya mpango wa HESAWA, uliosaidiwa na Uswidi kuanzia mwaka 1985. Pampu ya shule ile ni ya aina ya Nira, yenye asili ya Ufini. Haina wenzo: mchotaji hushika mpini wenye umbo la herufi T, akaupandisha na kuushusha moja kwa moja. Chini kisimani mna pistoni yenye vali na mpira wa kuzuia maji yasipite kandoni, na chini zaidi, mwisho wa bomba, mna vali ya pili inayoyazuia maji yaliyokwisha kupanda yasirudi kisimani.

Tatizo letu lilikuwa kwamba mpini haukuwapo, hivyo pampu haikuweza kujaribiwa. Mwanachuo alitaka kuahirisha. Nilimshauri afanye kama mganga wa zahanati afanyavyo mgonjwa anapokuwa hawezi kusema: huwauliza waliomleta. Akawauliza wanafunzi pampu ilianzaje kuugua.

Hapa mwalimu anapaswa kujua tofauti mbili, la sivyo majibu ya watoto hayatamfaa. Ikiwa asubuhi, baada ya pampu kulala usiku kucha, mtu hulazimika kupiga mara nyingi kabla maji hayajatoka, kisha yakatoka vizuri, basi vali ya chini inavuja na maji yamerudi kisimani. Ikiwa maji hutoka mapema lakini machache, hata mtu apige kwa nguvu namna gani, basi mpira wa pistoni umelika na maji yanapita kandoni, sawasawa na hewa katika pampu kavu ya baiskeli. Msichana mmoja alisema kwamba zamani dumu la lita 20 lilijaa kabla hajachoka, na baadaye walilazimika kupokezana watatu, maji yakitoka "kama ya birika". Mwingine akasema ndivyo ilivyokuwa hata mchana. Darasa likaafikiana: ni mpira wa pistoni. Nao walikuwa sahihi, kama fundi alivyothibitisha alipokuja kuinua mabomba.

Nawaomba wanachuo wasiipite hatua hii haraka. Katika kutafuta vipuri, fedha nyingi hupotea kwa kununua kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Kiroba kilicholetwa darasani

Kwa kipindi cha tatu wanafunzi waliagizwa kuleta kutoka nyumbani vipande vya mashine visivyotumika: nati, beringi, washa, plagi za injini za mitumbwi, mnyororo wa baiskeli, na kadhalika. Lengo lilikuwa kuvipanga kwa kazi zake, kuvipima na kuvichora. Vilikuja vingi mpaka madawati mawili yakajaa. Mvulana mmoja alikuja na kiroba, akakifungua, akatoa mpini wa chuma wenye umbo la T.

Kila mtu aliutambua. Nami niliketi nyuma nikiwa na kalamu mkononi, nikamwona mwanachuo akivuta pumzi. Ninaamini swali lililokuwa ulimini mwake ni "Umeutoa wapi?" Swali hilo lingelimaliza somo, na pengine lingemmaliza na mtoto shuleni pale. Badala yake aliuliza, "Asante. Nani atatuambia kitu hiki hufanya kazi gani?" Wakaeleza. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeongeza, bila kuulizwa, kwamba ulikuwa kwa baba yake, penye mizani. Baba yake hununua vyuma chakavu kwa kilo.

Mambo yaliyofuata yalikuwa nje ya darasa na ya Mwalimu Mkuu, aliyemwita mzazi na kuzungumza naye faraghani. Ilibainika kwamba mpini uliuzwa kwake na mtu mwingine baada ya pampu kusimama kwa miezi. Wapo walimu waliosema kwamba jambo hili lilipaswa kupelekwa ofisi ya kijiji, na kwamba tuliwafundisha watoto kuficha wizi. Nimelitafakari sana neno lao. Bado naona mwanachuo alitenda vema, maana aliyekuwa mbele yake ni mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyeleta alichoagizwa. Hata hivyo sikufaulu kuwashawishi wote, na mwanachuo atakayekutana na hali kama hiyo atalazimika kuamua mwenyewe kwa dakika moja.

Lakini somo la ufundi lililomo ni wazi, nalo litajwe darasani pasipo kumtaja mtu: mashine iliyolala huliwa. Mpira mdogo uliisimamisha pampu, na kusimama kwake kukamfanya mpita njia auone mpini wake kuwa chuma kisicho na mwenyewe. Aghalabu hasara kubwa huja hivyo, kipande kwa kipande, baada ya hasara ndogo iliyoachwa.

Mzazi yule, nadhani kwa kutaka kuyasawazisha mambo, alikubali kuja darasani wiki iliyofuata. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko nilivyotazamia. Aliwaonyesha jinsi ya kutambua chuma cha kusubu kwa sauti yake kinapogongwa, jinsi nati yenye mizio mipana isivyokubali bolti yenye mizio myembamba hata zikiwa na unene mmoja, na aliwaambia kwamba mafundi wa mitumbwi huja kwake kutafuta bolti kabla ya kwenda dukani.

Katika kupima, usikubali kauli ya "kama hiki". Kipuri huagizwa kwa namba na kwa vipimo. Kwa mpira wa duara wanafunzi wapime upana wa nje, upana wa ndani na unene, kwa milimita. Rula huyumba juu ya duara. Basi wazungushe uzi kando ya ukingo wa nje, waupime, kisha wagawe kwa 3.14. Hapo wanakutana na mada ya duara katika Hisabati, nayo ina kazi ya kweli ya kufanya. Vikundi vitatu vilivyopima mpira uleule vilipata majibu matatu. Mwanachuo aliwauliza ni kipi wangemwandikia muuza duka. Wakapima tena. Waliambiwa pia wakumbuke kwamba mpira waliokuwa wakiupima ulikuwa umelika, na kwa hiyo upana wake wa nje ulikuwa umepungua. Kipimo cha kuaminika kingepatikana ndani ya silinda, mahali usipofika mkono wa mtoto. Ndipo haja ya namba ya kipuri, iliyoandikwa siku pampu ilipokuwa mpya, ilipowaingia akilini.

Kipuri hutoka wapi

Kigongo ni mahali pema pa kufundishia swali hili. Kwa miaka mingi njia ya kwenda Sengerema na Geita ilikatikia pale majini, na abiria na magari walivushwa kwa vivuko mpaka Busisi. Kivuko kikisimama kwa ubovu, foleni ilijipanga barabarani na samaki waliharibika. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipozinduliwa Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, watu huvuka kwa dakika chache. Watoto wadogo hawatakumbuka foleni ile. Wazee wao wanaikumbuka, na waalikwe waisimulie. Mwanafunzi akidai kwamba daraja halina kipuri, mwambie kwamba madaraja makubwa nayo huwa na beringi kati ya nguzo na sitaha, na viungo vinavyoliruhusu daraja kutanuka wakati wa joto. Nazo hulika na hubadilishwa.

Toka kwenye kivuko, wapeleke watoto kwenye meli. Victoria ilijengwa Uskoti, ikasafirishwa vipande vipande mpaka Kisumu, ikaungwa huko na kuanza kazi ziwani mwaka 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilibaki na meli hiyo, lakini karakana ya meli za ziwa ilikuwa Kisumu na karakana kuu ya reli ilikuwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Hapo mwanafunzi ataona kwamba kipuri chaweza kuwapo, fedha zikawapo, na bado kisifike. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1980 viwanda vingi nchini vilizalisha chini ya uwezo wake kwa kukosa fedha za kigeni za kuagizia vipuri na malighafi. Victoria ilisimama mwaka 2014, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na kurudi majini mwaka 2020.

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ina kisa ambacho sijaona darasa lisilokipenda. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa Kigoma ikiwa imefungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Mwezi Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Uliza darasa: kwa nini mtu aipake grisi mashine anayoitupa majini? Ngoja majibu. Usiwape lako.

Kwa madarasa ya juu mwalimu aweza kwenda mbali zaidi, hata kwenye roboti za kupaka rangi, ambazo watoto wameziona katika picha za viwanda vya magari na kudhani kwamba haziharibiki. Mojawapo ya roboti za kwanza za namna hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1960 huko Bryne, Norwei, katika kiwanda cha Trallfa kilichotengeneza matoroli, kwa kuwa wapaka rangi walikuwa adimu. Roboti hiyo ilifundishwa kwa kushikwa mkono: mpaka rangi stadi aliuongoza mkono wake juu ya kitu, na mtambo ukakariri mwendo. (Ninawaachia wanachuo wajadili kama sisi nasi hatuwafundishi watoto kuandika kwa njia hiyohiyo.) Iliendeshwa kwa shinikizo la mafuta, kwa maana ukungu wa rangi huweza kuwaka kwa cheche za umeme, na penye mafuta yenye shinikizo pana mipira ya kuzuia, ile ile jamaa ya mpira wa pampu yetu, inayokakamaa na kuvuja.

Sasa tuseme mtu anayo roboti kuukuu yenye kibao cha Trallfa na anatafuta kipuri. Kitengo kile cha roboti kilinunuliwa na ASEA ya Uswidi mwaka 1985. ASEA nayo ikaungana na Brown Boveri ya Uswisi mwaka 1988 na kuwa ABB. Jina lililo kwenye kibao si jina la mwenye duka. Asiyejua ukoo wa mashine yake ataandika barua kwa wafu. Anayeujua ana njia kadhaa: kumwuliza mrithi wa kiwanda, kutafuta mashine nyingine ya aina ileile iliyokufa na kuichukulia viungo, kumpelekea fundi mwenye mashine ya kukereza kipande cha chuma pamoja na mchoro, au kutumia kipuri cha kampuni nyingine chenye vipimo vilevile. Njia hizi nne ndizo zilizokuwa mbele ya darasa letu la tano. Mpira ulitafutwa kwa namba na kwa vipimo katika maduka ya vipuri mjini Mwanza, na barua ikaandikwa kwa ofisi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Kwa vipande vya chuma, wanachuo wasilisahau Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo tangu mwaka 1973 kazi yake imekuwa kuwasaidia mafundi wa namna hiyo.

Daftari, na kosa langu mwenyewe

Njia ya kuchukua viungo vya mashine moja ili kuponya nyingine ina hatari, nami naijua kwa kuungua. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa stoo yenye vyerehani viwili vikuukuu. Kimoja kilipokwama nilitoa kipande katika cha pili. Baadaye nikatoa kingine, na kingine. Sikuandika popote. Kulikuwa na mwaka ambapo vyerehani vyote viwili vilikuwa mezani, vimefunguliwa, na hakuna aliyejua, wala mimi, kipande kipi kilikuwa cha kipi. Vilikuwa vya miaka tofauti. Skrubu nilizokuwa nimezilazimisha zilikuwa zimekula mizio. Wasichana waliokuwa wakijifunza kushona waliendelea kwa sindano za mkono. Alipokuja mkaguzi nilisema vilikuwa vimezeeka. Haikuwa kweli. Vilikuwa vimekosa daftari.

Kwa hiyo kipindi cha tano kilikuwa cha daftari tu, nalo lilitengenezwa na wanafunzi wenyewe kwa karatasi zilizoshonwa. Ukurasa wa kwanza una jina la mashine, kama lilivyo kwenye kibao, na mchoro wake. Kisha kila ukurasa una kipuri kimoja: jina lake la kitabuni na la mtaani, namba yake, vipimo vitatu, mahali kilipopatikana, bei, tarehe kilipofungwa, na jina la aliyekifunga. Kipande kinachotolewa katika mashine iliyokufa huandikwa pande zote mbili, kilikotoka na kilikokwenda. Daftari lilifungwa kwa uzi na kutundikwa ofisini, na kila Ijumaa wanafunzi wawili hulisoma mbele ya pampu.

Kuna suala la fedha pia, nalo ni la Hisabati. Tuseme mpira huuzwa kwa shilingi 15,000 na hudumu miezi 10, na pampu hutumiwa na kaya 50. Kila kaya itatoa shilingi ngapi kwa mwezi? Jibu ni shilingi 30. Watoto walipolipata waliliangalia kwa mashaka, wakarudia hesabu, kisha mmoja akauliza kwa nini basi wazazi hawatoi. Mwanachuo hakuwa na jibu, na alisema hivyo. Nilimpa alama kwa kusema hivyo.

Mpira ulipatikana katika wiki ya tatu. Walinunua miwili. Hapa niongeze jambo ambalo wengi hawalijui: kipuri cha mpira huzeeka hata kikiwa kabatini. Jua na joto hukikausha, na mafuta ya mashine huzivimbisha aina nyingine za mpira mpaka zikawa hazifai. Ngozi hutaka mafuta. Mpira wa asili huyakimbia. Mpira wa akiba ulioshe kwa maji, uukaushe, uufunge katika karatasi na uuweke mahali penye giza, ukiwa haukukunjwa wala kuning'inizwa msumarini. Niliporudi kwa ukaguzi wa mwisho niliukuta wa akiba ukining'inia msumarini juu ya dirisha la ofisi, palepale jua la alasiri linapopiga. Nikawaambia. Msichana yule wa "maji ya birika" ndiye aliyeuteremsha, akauandikia tarehe, na akauliza kama siku ulizokaa juani zihesabiwe katika umri wake.

Kazi kwa wanachuo

Chagueni mashine moja iliyosimama katika shule mnayofanyia mazoezi: pampu, cherehani, mizani, toroli au kengele. Andikeni historia ya ugonjwa wake kwa kuwauliza watu wasiopungua watatu, kisha mlinganishe maelezo yao. Tajeni kipuri mnachodhani kimelika na mweleze ni dalili gani iliyowafikisha hapo.

Andaeni kipindi kimoja cha dakika 40 kwa darasa la tano mkitumia pampu mbili za baiskeli. Katika andalio lenu msiandike maelezo ya mwalimu kabla ya dakika ya 15.

Jadilini katika vikundi: mwanafunzi ameleta darasani kipande ambacho mnakitambua kuwa ni mali ya zahanati ya kijiji, na mwenzake mmoja amekwisha kulisema hilo kwa sauti. Andikeni maneno hasa ambayo mwalimu atayatamka kwanza.